Malale, Mbung'o na Watu wa Kutusemea

Msafiri anayetoka Tabora kwenda Kigoma kwa reli ya kati hupita Urambo na Kaliua, kisha Usinge, kabla ya kufika Nguruka na kuuvuka Mto Malagarasi. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo kwa sehemu kubwa ilifuata mwelekeo wa njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, ikaishia Ujiji ziwani. Vitabu tulivyofundishia miaka mingi vilieleza vizuri habari za pembe na watumwa, za Tippu Tip na Mtemi Mirambo. Lakini swali moja dogo havikuliuliza: kwa nini mizigo yote hiyo, frasila kwa frasila, ilipita kwenye mabega ya watu?

Sababu ni mbung'o, ambaye wengine kwetu humwita ndorobo. Mnyama wa kubeba mizigo akiumwa na inzi huyu hupata nagana, hukonda, manyoya humsimama, hufa. Farasi hawakudumu, na punda walipita kwa shida. (Punda wa Stanley aliyeitwa Simba, aliyepotea mwaka 1871 penye kivuko cha Malagarasi, asihesabiwe hapa; huyo alichukuliwa na mamba.) Basi Mnyamwezi akawa ndiye gari la moshi la karne ya 19, na sifa yake ya upagazi, ambayo wengine hutucheka nayo hadi leo, ilitokana kwa sehemu na inzi mwenye ukubwa unaozidi kidogo wa nzi wa nyumbani.

Dkt. Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872 akisubiri wapagazi, alikuwa amekwisha kuandika katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1858 kwamba alijaribu kumtibu farasi aliyeumwa na mbung'o kwa aseniki. Namwomba msomaji aikumbuke sumu hiyo, maana tutakutana nayo tena mbele.

Wazee wetu waliishi na mbung'o bila kummaliza. Walifyeka, walilima, walichoma majani kwa wakati wake, na ng'ombe wao walikaa katika nchi iliyokwisha kusafishwa. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1977, alieleza jinsi utaratibu huo ulivyovunjika: sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi ajabu, zikafuata vita na njaa, watu wakapungua, pori likarudi hadi mlangoni. Ninakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ingawa nadhani aliipamba kidogo hali ya kabla ya ukoloni. Hata hivyo, jambo la msingi alilisema sawasawa: ugonjwa ulienea baada ya watu kupoteza nguvu ya kuitawala nchi yao.

Ugonjwa wenyewe ni malale. Upande wa Uganda, kuanzia mwaka 1900 hadi 1920, uliua watu wanaokadiriwa kuwa 250,000. Mwaka 1906 Robert Koch, bingwa wa Wajerumani, alifika katika visiwa vya Sese akatibu kwa dawa iliyoitwa atoksili, nayo ilikuwa ya jamii ya aseniki. Baadhi ya wagonjwa wake walipofuka, na dawa ikaendelea kutolewa. Kleine, aliyekuwa msaidizi wa Koch, alithibitisha katika koloni la Wajerumani kwamba kijidudu cha malale hakipandwi tu na inzi kama tope la mguuni, bali hukomaa kwanza ndani ya mwili wake kwa siku kadhaa. Ilikuwa kazi kubwa, iliyofanyika katika ardhi yetu.

Aina ya malale inayotuhusu sisi wa Tabora ni ile kali, iitwayo rhodesiense, ambayo huweza kumwua mtu katika miezi michache. Ililipuka Maswa mwaka 1922, ikaenea katika misitu ya miyombo ya magharibi. Serikali ya Waingereza ikamweka daktari wa kusimamia malale, George Maclean, naye akaja na sera iliyobadilisha sura ya nchi: watu waliotawanyika wahamishwe na kukusanywa katika makazi makubwa. Hesabu yake ilikuwa ya kilimo zaidi kuliko ya dawa. Kaya chache haziwezi kufyeka eneo la kutosha na kulizuia pori lisirudi, kwa hiyo alipendelea makazi yenye kaya 1,000 hivi. Wilaya nyingi za magharibi zilipata makazi ya namna hiyo katika miaka ya 1920 na 1930.

Niseme wazi kwamba sera hiyo iliokoa maisha. Mimi si katika wale wanaolaani kila kilichofanywa na mkoloni ili wapigiwe makofi. Ndani ya makazi yale maambukizo yalipungua, zahanati zilikuwa karibu, na mgonjwa aliweza kuonekana mapema. Lakini ni nani aliulizwa? Watu waliacha makaburi ya wazazi wao, mizinga yao ya nyuki na miembe yao. Nchi waliyoiacha ikawa ya wanyama na mbung'o, na sehemu yake kubwa ndiyo iliyokuja kuitwa hifadhi, ambamo mjukuu wa mwenye mizinga hukamatwa leo kama mwizi. Waliokumbuka makazi hayo hawakushangaa sana ilipokuja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970.

Sasa nifike Tinde. Mahali hapo pako mkoani Shinyanga, kwenye barabara ya kutoka Nzega, na wasafiri wengi hupita bila kujua kwamba jina hilo liko katika vitabu vya utabibu duniani kote. Swali la watafiti wa Tinde lilikuwa hili: kijidudu cha malale kikiishi muda mrefu ndani ya wanyama tu, bila kupita kwa mtu, je, hupoteza uwezo wa kumwambukiza mtu? Swali hili lilikuwa na uzito wa sera, kwa sababu kama uwezo hupotea, basi kuwahamisha watu kwa miaka michache kungetosha, na baadaye wangerudi kwao salama.

Walichukua kijidudu cha mgonjwa mmoja mwaka 1934, wakakipitisha kwa mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo na kwa swala na jamaa zake, mwaka baada ya mwaka. Kila baada ya muda walihitaji kujua kama bado kinaambukiza watu. Darubini haikuweza kujibu, kwa kuwa kijidudu kinachomwambukiza mtu na ndugu yake asiyemwambukiza mtu hufanana kama shilingi na shilingi. Njia iliyobaki ilikuwa kumweka mtu aumwe na mbung'o. Waliowekwa waliitwa Waafrika waliojitolea. Matokeo ya miaka 18 ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka 1955 na Willett na Fairbairn, na jibu lilikuwa kwamba kijidudu hakikupoteza uwezo wake. Maana yake pori lililohamwa lilibaki na hatari ileile, hata kama hakuna mtu aliyelala humo kwa miaka mingi.

Nimelifikiria sana neno kujitolea. Bwana mkubwa akizungumza na mtemi, mtemi akazungumza na jumbe, na jumbe akaja nyumbani kwa mtu maskini, kujitolea kunafanana na nini? Kanuni za Nuremberg kuhusu ridhaa ya anayefanyiwa utafiti zilitoka mwaka 1947, jaribio likiwa bado linaendelea. Sisemi watafiti wale walikuwa wauaji. Dawa ya suramini, iliyoweza kuponya malale ya hatua ya kwanza, ilikuwapo tangu miaka ya 1920. Ninachosema ni kwamba majina ya madaktari tunayo na ya watu walioumwa na mbung'o hatunayo, na maarifa yanayotumika dunia nzima yamepita katika damu yao.

Wakati huo utafiti ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka ya nchi moja. Chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1948, na baadaye chini ya Jumuiya ya mwaka 1967, magonjwa yaligawanywa kwa vituo: malaria Amani katika milima ya Usambara, virusi Entebbe (ndiko virusi vya Zika vilikotambuliwa mwaka 1947), ukoma Alupe nchini Kenya, magonjwa mengine Mwanza, na malale Tororo nchini Uganda. Kwa maoni yangu huu ulikuwa mpango wa akili. Nchi maskini tatu haziwezi kila moja kuwa na mabingwa wa kila kitu, na mbung'o haombi pasi ya kusafiria.

Isitoshe, enzi hizo ilipatikana njia ya kuacha kuwatumia watu kama walivyotumiwa Tinde. Mwaka 1970 watafiti Rickman na Robson, waliokuwa wakifanya kazi Afrika Mashariki, walichapisha kipimo rahisi: kijidudu huchanganywa na damu ya binadamu ndani ya kichupa, kisha hupewa panya. Kikiendelea kuishi, ni kile cha watu. Baada ya hapo hapakuwa na udhuru wa kumweka mtoto wa mtu kwenye kikapu cha mbung'o.

Katikati ya mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Nilikuwa mwalimu kijana, na nakumbuka mazungumzo ya chumba cha walimu. Tulibishana juu ya ndege, vichwa vya treni na meli za ziwani. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyeuliza juu ya maabara. Mgawanyo wa mali ulichukua miaka, chini ya mpatanishi Victor Umbricht, hadi mkataba ukatiwa saini Arusha mwaka 1984. Maabara zilibaki pale zilipojengwa. Kwa hiyo Tanzania ilibaki na Amani na Mwanza, Wakenya walianzisha kituo chao cha malale Muguga, na Tororo, pamoja na vijidudu vilivyohifadhiwa katika barafu na kumbukumbu za miaka mingi, ikabaki Uganda, nchi iliyokuwa mikononi mwa Idi Amin. Na hapohapo, tangu mwaka 1976, malale yalikuwa yamelipuka upya Busoga, karibu kabisa na mlango wa Tororo, yakawapata watu maelfu kwa mwaka. Mpaka leo maabara za Ulaya na Marekani hutumia vijidudu vyenye herufi za shirika lile, EATRO, ingawa shirika lenyewe halipo tena.

Bunge letu lilitunga sheria namba 23 ya mwaka 1979 iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Tabora ikapata kituo chake kinachoshughulika na malale. Hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Lakini kituo cha utafiti huishi kwa bajeti, na bajeti hufuata idadi ya wagonjwa wanaoripotiwa, na idadi hiyo hutegemea kama kuna mtu anayewatafuta. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Nilipokuwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1960, nilikuwa nikipakiwa nyuma ya baiskeli ya mjomba wangu. Palikuwa na kibanda kando ya barabara, na mtu wa serikali mwenye wavu mdogo. Kila baiskeli ilisimama. Alitukagua migongo, akapekua mzigo, akakamata mbung'o waliotufuata, akatuachia. Sisi watoto tulimwona mtu wa kuchekesha. Vibanda vile vilitoweka polepole, bila tangazo lolote.

Mwaka 2013 shemeji yangu, mrina asali, alirudi kutoka porini na homa. Alikwenda katika zahanati moja, nayo haina haja ya kutajwa. Akapimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, kikaonyesha hana, akapewa dawa za homa. Alirudi mara ya pili, na ya tatu. Baadaye akaanza kulala mchana na kuhangaika usiku, akawatukana wakwe, ndugu wakasema amerogwa. Tulipomfikisha mahali penye wataalamu alikuwa hawezi tena kumeza. Mwenzake waliyekuwa naye kambini, mwenye homa ileile, alibahatika kufika kwenye hospitali yenye fundi wa maabara aliyezoea darubini. Fundi akaweka damu yake kwenye kioo, akaona vidudu vinaogelea kama samaki wadogo. Huyo yuko hai, ana mizinga yake.

Nisieleweke vibaya kuhusu kipimo cha haraka. Kimesaidia sana katika malaria, na mhudumu wa kijijini bila umeme anaweza kukitumia. Ila kinaona malaria tu. Zamani fundi aliyetafuta malaria kwa darubini aliweza kukutana na malale bila kuyatafuta. Tulipoiweka darubini kabatini tulifumba na jicho hilo, na sijui kama kuna kikao chochote ambacho wananchi wa mapori ya Ugalla na Malagarasi waliambiwa habari hiyo.

Tuje kwenye dawa. Mgonjwa ambaye vijidudu vimefika katika ubongo alitibiwa tangu mwaka 1949 kwa melasoprolo, ambayo nayo ni aseniki. Ndiyo, ileile ya Livingstone, iliyosafishwa na kuvalishwa koti la daktari. Wanaodungwa husema ni kama moto unaopita katika mishipa, na katika kila wagonjwa 100, watano hivi au zaidi waliuawa na dawa yenyewe. Kwa malale ya kwetu yaliyofika ubongoni hapakuwa na nyingine kwa zaidi ya miaka 70. Sababu si kwamba wanasayansi walishindwa. Wagonjwa wa malale hawana fedha, na kiwanda hakitengenezi dawa kwa ajili ya mtu asiyenunua. Dawa iitwayo eflonithini, iliyotibu malale ya Afrika Magharibi na Kati, iliachwa kutengenezwa mwaka 1995. Uzalishaji ulirudi baada ya makubaliano ya mwaka 2001 kati ya Shirika la Afya Duniani na kampuni ya Aventis, kwa kelele nyingi za Madaktari Wasio na Mipaka. Na wakati huohuo dawa hiyohiyo ilikuwa imepata soko Marekani kama krimu ya kuzuia nywele za usoni kwa wanawake.

Kelele hizo ndizo ninazoziita kutusemea. Mwaka 2003 liliundwa shirika lisilo la faida, DNDi, la kutafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, na taasisi ya utafiti ya Kenya, KEMRI, ilikuwa miongoni mwa waanzilishi. Yetu haikuwamo. Watu wa DNDi walifufua feksinidazolo, dawa iliyokuwa imeachwa na kampuni ya Kijerumani tangu miaka ya 1980. Ni vidonge vya kumeza kwa siku 10. Kwa malale yetu makali ilijaribiwa kuanzia mwaka 2019 kwa wagonjwa 45 wa Malawi na Uganda, wengi wao wakipata nafuu; Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni ya kuikubali, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka mbele ya dawa nyingine kwa wagonjwa kuanzia miaka 6 wenye uzito wa kilo 20 na zaidi. Hutolewa bure. Hivyo, kutoka Livingstone hadi hapo, imepita miaka 166 ya aseniki.

Kwa Afrika nzima, walioripotiwa mwaka 1998 walikaribia 40,000. Tangu mwaka 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka kwa aina zote mbili. Ni ushindi mkubwa. Hofu yangu ni ya mwalimu aliyeona shule nyingi: darasa likifaulu vizuri, mwalimu wake huhamishwa. Malale yetu hukaa ndani ya pongo, nguruwe pori na ng'ombe, kwa hiyo hata mwaka ambao hakuna mgonjwa aliyeandikwa, vijidudu viko palepale. Huko Soroti, Uganda, malale yaliingia mwaka 1998 katika wilaya isiyowahi kuyajua, na uchunguzi ukaonyesha yalifuata ng'ombe waliouzwa mnadani bila kutibiwa kwanza. Nasi Usinge tumepokea mifugo mingi kutoka kaskazini. Wa kuuliza habari zao ni wizara ya mifugo, wizara ya maliasili au wizara ya afya? Nimeuliza katika ofisi tatu, na kila moja ilinielekeza kwa jirani yake kwa adabu kamili.

Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Bamako mwaka 2008 wakatakiwa kutenga angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya kwa utafiti. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake mapema mwaka 2025, na taasisi yake ya utafiti wa afya ikabadili utaratibu wa fedha zinazokwenda kwa watafiti wa nchi za nje, watu wengi walishtuka kama waliofiwa ghafla. Sikushtuka sana, kwa kuwa niliona mwaka 1977 jinsi maabara inavyoweza kuondoka mikononi mwa watu ambao hawakujua kuwa ni yao. Jumuiya mpya nayo ina Kamisheni ya Utafiti wa Afya, makao yake Bujumbura, kando ya ziwa ile njia ya misafara ilikoishia. Sijawahi kumsikia mbunge wa Afrika Mashariki akija Usinge kuieleza.

Kwa upande wetu hapa tumeanza na dogo. Kamati ya afya ya kata imekubali kuomba darubini moja na fundi mmoja wa kuitumia, mafunzo kwa wahudumu ili mrina asali, mvuvi au mfugaji mwenye homa isiyo ya malaria awekewe damu kwenye kioo kabla hajarudishwa nyumbani, na taarifa ya kituo cha utafiti cha Tabora isomwe kwetu kwa Kiswahili kila mwaka. Niliombwa kuandika hoja hiyo kwa sababu ya mwandiko wangu. Imekuwa kurasa mbili, na diwani ameipokea ili aipeleke Kaliua kwenye kikao cha bajeti.